Jengo la Maafisa wa Kike Kituoni: Mpangilio Mzuri, Maji Hayatoshi

Kazi hii tunaipa nyota tatu kati ya tano. Ni nyumba ya chini iliyojengwa kwa pesa za mfadhili wa ng'ambo ndani ya uwanja wa kituo kimoja cha polisi hapa Mombasa: vyumba viwili vya kubadilishia sare, vyoo vinne, mabafu matatu na chumba cha kunyonyeshea. Rangi imeshakauka, kilichobaki ni kukabidhiwa. Picha zake zitamridhisha yeyote aliye mbali, lakini picha hazionyeshi maji yanakokwenda, na ni maji na kutu vilivyokula zile nyota mbili.

Aliyechora ramani apewe haki yake. Mlango haukuelekezwa kaunta wala mahabusu, kwa hiyo afisa anafika bafuni bila kupita mbele ya washukiwa. Madirisha ya bafu yako mita 1.8 kutoka sakafuni: upepo unaingia, wa kuchungulia hapati kitu. Kuta za vyoo zimefika darini, na milango inafunguka kwa nje, ili mtu akizimia ndani atolewe bila kuvunja mlango. Kabati za sare zina matundu ya hewa. Kwa joto na jasho la Mombasa, kabati lililozibwa hulea ukungu.

Chumba cha kunyonyeshea kimekaribia kutimiza sheria. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke pa kunawia mikono, friji au kifaa kingine cha kupozea, soketi ya umeme, meza ndogo na viti. Hapa friji haipo, na soketi imefichwa nyuma ya mlango. Yaandikwe kwenye orodha ya kasoro hata kama yanaonekana madogo.

Sasa maji. Tangi lililowekwa ni la lita 2,000. Maafisa 40, kila mmoja lita 50 kwa siku za kuoga na choo, ndizo hizo 2,000: siku moja tu. Na mji huu hutegemea maji ya mbali, ya chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na yanakuja kwa mgao. Mfereji ukikauka siku tatu, zinahitajika lita 6,000. Dawa yake ni tangi la lita 5,000 chini, hilo la 2,000 libaki juu ya mnara, na pampu katikati. Asije mtu akaunga maji ya kisima kwenye bomba hilo hilo. Visima vingi vya hapa vina chumvi. Chumvi huziba vichwa vya shawa na kula vyuma. Kisima kiwe cha kuvutia choo tu, kwa bomba lake lenyewe.

Kipimo cha bafu ni rahisi na mkandarasi hawezi kukikataa: ziba tundu la maji, jaza hadi karibu na kizingiti, weka alama ya penseli, rudi baada ya saa 24. Bafu la mwisho lilishusha maji, na ukuta wa nyuma ukatoa unyevu chini kabisa, pale plasta inapokutana na sakafu. Dawa ya kuzuia maji ilipakwa sakafuni ikaishia hapo. Ilipaswa kupandishwa ukutani angalau milimita 150, na upande wa shawa hadi juu ya kichwa cha muogaji. Fundi akija na silikoni ya kujaza kwenye kona, mkatalieni. Vigae ving'olewe, ipakwe upya. Ndiyo maana mkaguzi huitwa kabla vigae havijafunika kitu. Mwinuko nao haukutosha: ndoo moja ikimwagwa, maji yanatuama pembeni. Sakafu ya bafu ishuke sentimita 2.5 kwa kila mita moja na nusu.

Bawaba na makomeo yameanza madoa ya kutu kabla mtu hajaoga. Kwa upepo wa bahari, agizeni chuma cha pua cha daraja la 316. Njooni na sumaku: ikinata kwa nguvu, hicho si 316. Ila sumaku haitenganishi 316 na 304, daraja la chini lisilohimili chumvi vizuri, kwa hiyo dai cheti cha muuzaji pia. Kwenye boriti za veranda, nondo zifunikwe kwa zege la milimita 40 au zaidi. Na mchanga usiwe wa ufuoni.

Vyoo havina ndoo za pedi zenye kifuniko. Pedi zisipokuwa na pa kutupwa huishia kwenye bomba la milimita 110, na kuzibua ni gharama ya kituo, mfadhili ameshaondoka. Ndoo ziwe nne, na mkataba wa kuzichukua kila wiki usainiwe kabla ya funguo kutolewa.

Kamati ya kupokea kazi, ambayo Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaitaka, iwe na maafisa wa kike watakaolitumia jengo, si wakubwa peke yao. Pesa za dhamana, ile sehemu ya malipo ya mkandarasi inayozuiliwa, zisiachiliwe mapema. Muda wa kasoro, ambao mkandarasi hurekebisha makosa yake kwa gharama yake, kwa kawaida ni miezi 6 au 12. Hapa chagueni 12. Jengo likikabidhiwa wakati wa kaskazi, miezi 6 yaweza kuisha kabla mvua za kusi hazijamaliza kulipima paa na madirisha.