Uzoefu wangu: wanarekebisha haraka, lakini kimyakimya

Nimekuwa nikilipia makala za afya za mchapishaji huyu wa mtandaoni kwa muda mrefu, na kwa upande wa uandishi sina ugomvi naye. Lugha ni nyepesi, wataalamu wanahojiwa vizuri, matangazo hayasumbui. Kilichonivunja moyo ni namna anavyoshughulikia makosa yake.

Makala yao moja kuhusu vitamini D ilisema mtu mzima anahitaji miligramu 15 kwa siku. Kiwango kinachopendekezwa Marekani kwa watu wazima hadi miaka 70 ni mikrogramu 15. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000, kwa hiyo msomaji alikuwa anaelekezwa kumeza mara elfu ya anachohitaji! Na vitamini hii ikizidi sana mwilini hupandisha kalsiamu kwenye damu, figo zikadhurika. Huwezi kuliita hilo kosa dogo la uchapaji.

Niliwaandikia kupitia kitufe cha kuripoti kosa, nikaambatisha chanzo. Siku hiyohiyo neno likabadilishwa, na kwa kasi hiyo nawapongeza kwa dhati. Ila hawakuweka hata mstari mmoja wa kusema palikuwa na kosa. Tarehe ya makala ilibaki ileile. Aliyeisoma asubuhi akanakili kile kiwango atajuaje kwamba jioni kimebadilika? Tena mchoro uliomo katikati ya makala, ambao ndio watu wanaoupiga picha na kuusambaza kwenye makundi ya WhatsApp, bado unasema miligramu. Nilipowakumbusha nilijibiwa kwa upole kwamba makala imeshasasishwa na suala limefungwa.

Sidai jambo lisilowezekana. Gazeti la The Guardian la Uingereza lina mhariri wa kushughulikia malalamiko ya wasomaji tangu 1997, na masahihisho yake huchapishwa waziwazi. The New York Times nalo, tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya chombo cha Apollo 11 kurushwa kuelekea mwezini, lilisahihisha maoni yake ya mwaka 1920 yaliyodai kwamba roketi haiwezi kufanya kazi mahali pasipo na hewa. Ilipita karibu nusu karne, lakini walikiri mbele ya wasomaji.

Kwa huyu wetu ningeridhika na maelezo mafupi juu kabisa ya makala: tuliandika hivi, sahihi ni hivi, tumerekebisha tarehe fulani. Kwenye mambo ya dawa na vipimo, maelezo hayo yaende pia kwa barua pepe kwa waliojisajili, maana makala yenyewe ilitufikia kwa njia hiyohiyo. Anwani zetu wanazo.

Nimewapa nyota tatu kati ya tano: mbili za uandishi, moja ya kusikiliza na kujibu haraka. Ule mchoro ukirekebishwa na maelezo yakawekwa, nitarudi hapa kuongeza ya nne.