Kulala kwenye bani la tumbaku nje ya Tabora: chai ya shamba, asali na choo cha nje

Tulikuwa na harusi ya upande wa mke wangu, Tabora mjini, mwezi wa saba. Aliyewahi kwenda harusini kwa wakwe anajua: usipojitafutia pa kulala mapema utapewa mkeka sebuleni pamoja na mashemeji. Gesti za bei ya wastani zilikuwa zimejaa. Rafiki mmoja akanipa namba ya familia yenye shamba pembeni ya barabara ya Sikonge, wanaopokea wageni kwa mtindo wa kulala na chai ya asubuhi. Chumba cha watu wawili shilingi 40,000. Kwa hela hiyo mjini unapata gesti yenye runinga na bafu la ndani, kwa hiyo nilitaka kujua shambani nalipia nini.

Nalipia chai. Ila kwanza niseme kuhusu chumba, maana hapo ndipo watu watakapogawanyika.

Tulilazwa kwenye bani. Kwa wasioijua Tabora, bani ni jengo la kukaushia tumbaku: matofali ya kuchoma, limekwenda juu, halina madirisha ya maana, na ndani limepitishwa miti kutoka ukuta hadi ukuta, safu juu ya safu, ya kutundikia majani. Chini kunawashwa kuni, joto linapanda. Familia hii iliachana na tumbaku. Mzee anasema kuni zilimshinda kabla bei haijamshinda. Bani likabaki limesimama bure mpaka kijana wao alipolitoboa madirisha mawili, akamwaga sakafu ya saruji na kuingiza kitanda. Miti hawakuing'oa. Chandarua kimefungwa kwenye safu ya kwanza, nguo unatundika hapohapo, na ukilala chali unaitazama inavyopanda hadi batini, bado ina alama za kamba.

Mimi nililipenda. Mke wangu hakulipenda hata kidogo, na sababu yake ni ya kweli: jua likishapiga bati mchana, ukuta unatoa harufu ya tumbaku. Si moshi wa sigara, ni jani kavu lenye utamu fulani hivi, na linaingia kwenye nguo. Gauni la harusi ilibidi likalale nyumba kubwa. Usiku harufu inakufa, kwa sababu kunapoa haswa. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai ukidharau blanketi utaamka umejikunja. Mwenye pumu aombe chumba cha nyumba kubwa, ambacho ni cha kawaida tu.

Sasa chai. Asubuhi mama mwenye nyumba anaandaa barazani, na unakula pamoja nao, si peke yako. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, mmelalaje? Karibuni mezani." Siku ya kwanza tulikuta michembe iliyochemshwa, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, ikapikwa tena hadi ikalainika, na karanga zilizotwangwa pembeni. Kulikuwa na uji wa mtama uliotiwa ukwaju, mayai ya kienyeji, maziwa yaliyokamuliwa muda huohuo na chai ya mchaichai kwa asiyetaka maziwa. Mkate haukuwepo, na sikumsikia mtu akiuulizia. Kesho yake ikawa zamu ya matobolwa, ambayo viazi vyake huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Ni magumu, unatafuna taratibu huku unapiga stori, na mtoto wa mjini atakuuliza kama ni chakula kweli. Mke wangu ni Mnyamwezi aliyekulia Mwanza. Alipoyaona alinyamaza, akala, akaomba mengine. Kabla vyombo havijatolewa walikuwa wameshaulizana koo, mama akageuka shangazi, na hapo nikajua habari ya kupunguziwa bei imekwisha. Shangazi hapigwi bei.

Katikati ya meza kuna bakuli la asali, bado iko kwenye masega. Mzee ndiye mwenye mizinga, na ukimwomba anakutembeza jioni bila malipo ya ziada. Ana ya magome imetundikwa kwenye miti ya miombo, na mingine ya mbao. Ya magome anaipunguza mwenyewe, kwa sababu mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote unakufa, na nyuki wanategemea maua ya miti hiyohiyo. Alitufungulia mzinga wa mbao mmoja, mimi nikiwa ndani ya vazi la kurinia lililonibana mabega, akatuonyesha sega lililofunikwa nta nyeupe juu. Hilo ndilo la kurina. Lililo wazi bado lina maji, ukilirina mapema asali inachacha chupani. Nikamuuliza kuhusu kipimo cha njiti ya kiberiti tunachokiamini stendi, eti ikichovywa na bado ikawaka basi asali ni safi. Akacheka. "Baba, hata sharubati ya sukari nzito njiti inawaka." Na ile asali nyeusi inayonuka moshi, ambayo wengi tunadhani ndiyo ya asili zaidi, kwake ni dalili kwamba mrinaji alizidisha moshi.

Kwenye ukuta wa banda la mbuzi kuna nyuki wadogo wasiouma. Mlango wao ni kibomba cha nta kinachotokeza nje ya ufa, chembamba kuliko kalamu, wanaingia na kutoka mmojammoja. Asali yao ni nyepesi na ina uchachu. Tulipewa kijiko kimoja kimoja, haiuzwi, kwa sababu ni kidogo na majirani huja kuiomba kwa ajili ya kikohozi.

Yaliyoniudhi yapo. Nilipotuma malipo ya awali kwa simu lilitokea jina tofauti kabisa na la mtu niliyekuwa naongea naye, nikasita; kumbe laini ni ya mkwe wao. Wangesema mapema. Chakula cha usiku hakimo kwenye bei, na hilo tuliambiwa tukiwa tumeshanawa mikono. Ni 8,000 kwa kichwa, ugali na kuku wa kienyeji au mlenda wa karanga. Wala si ghali, lakini mgeni aambiwe kwenye simu. Choo kiko nje, hatua kadhaa kutoka bani, kisafi, cha shimo. Maji ya moto yanaletwa kwa ndoo ukiagiza. Taa za sola zilianza kufifia mapema, kwa hiyo simu ichajiwe mchana. Jogoo wao anaanza saa kumi alfajiri, na kwenye bani sauti inazunguka.

Ukiwa na usafiri unaweza kuunganisha na Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, lilipo tembe (nyumba ya udongo ya paa bapa) alilokaa mpelelezi Livingstone. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, alimwacha pale Machi 1872, naye akaondoka Agosti kuelekea kusini, akafia huko mwaka uliofuata. Sisi tulipita haraka, harusi ilikuwa inatusubiri.

Nitarudi, ila mke wangu ameshasema yeye atalala nyumba kubwa. Natamani kurudi masika nile uyoga wa miombo, lakini kijana wao amenionya kuhusu gari dogo: kipande cha mwisho kutoka lami ni udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, mvua ikinyesha unaliacha gari barabarani kwa jirani yao na kumalizia kwa bodaboda, 2,000.