Mbegu ya marejea kutoka dukani Kapchorwa: inasafisha shamba la viazi au la?

Kwa wenye haraka: kama shida yako ni minyoo fundo, wale wadogo wa udongoni wanaotia mizizi vinundu, nunua marejea, mmea wa jamii ya kunde. Kama bado hujui shida yako ni nini, shika pesa zako kwanza, ung'oe shina moja uangalie mizizi.

Mimi nalima viazi vya aina ya Victoria upande wa Kapkwata, kwenye mteremko. Viazi vilianza kutoka na ngozi ya vipelevipele, na madalali wa Mbale wakawa wanavitenga pembeni na kuvitaka kwa bei ya kutupa. Mizizi nikaiosha kwenye beseni: vinundu tupu. Kiazi chenyewe nilipokimenya nikaona vidoa vidogo vya kahawia chini tu ya ganda. Kila kidoa ni jike wa minyoo fundo aliyejichimbia humo pamoja na mayai yake. Ukipanda kiazi cha namna hiyo kama mbegu, umewapanda na minyoo wenyewe. Tena matundu wanayotoboa kwenye mizizi ni mlango wa ugonjwa wa mnyauko bakteria, ambao kwetu huku tayari ni msiba.

Mbegu nilinunua duka la pembejeo mjini, shilingi 10,000 za Uganda kwa kilo. Mama wa dukani alifungua gunia, akanimwagia kiganjani nizitazame: ndogo, zinang'aa, zimepinda kama figo, hazina vumbi wala matundu ya wadudu. "Usizifukie sana, dada," akaniambia, "nusu pingili ya kidole inatosha." Ni kweli, ziliota vizuri sana, mistari ikafungana mapema. Kwa ubora wa mbegu na kwa ule ushauri sina la kulalamika.

Ila maandishi ya kwenye karatasi ya matangazo pale kaunta siyakubali. Yanasema marejea inamaliza minyoo yote ya viazi. Hapana. Marejea ni mtego wa minyoo fundo: wachanga wao huingia kwenye mizizi wakidhani wamepata chakula, halafu wanashindwa kukomaa na kutaga. Lakini kuna minyoo wengine wa viazi, wale wanaotengeneza vifuko. Kenya walithibitishwa mwaka 2015, na baadaye wakaonekana hata hapa Uganda. Mayai yao hukaa ndani ya kifuko kigumu miaka na miaka, yakingoja harufu ya mizizi ya kiazi au ya ndugu zake. Marejea ni jamii ya kunde, kwa hiyo hao haiwaamshi. Wakati viazi vinachanua, angalia mizizi. Kama badala ya vinundu kuna vishanga vyeupe au vya njano, vidogo kama kichwa cha pini, wewe una hao wa vifuko. Mwite afisa kilimo, na udongo wa shamba hilo usiutoe hata kwenye jembe.

Kwa hao wa vifuko, utafiti uliofanywa Kenya ulionyesha kwamba mnavu, mboga hii hii tunayokula, unawapunguza. Mimi mnavu siupandi kwenye shamba la viazi, kwa sababu ni ndugu wa kiazi na unabeba mnyauko bakteria. Aliye na shamba lisilo na mnyauko anaweza kufikiria vingine.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisizungushe na mahindi tu. Mahindi nayo huwalea minyoo fundo wa aina kadhaa, na mizizi yake mara nyingi haionyeshi vinundu vya kukushtua. Na ukiacha shamba lilale bure, magugu yanawalisha. Kwa hiyo hata marejea ipalilie ikiwa bado changa, la sivyo unatega mtego huku umewaandalia chakula pembeni.

Niliikata ilipoanza kutoa maua ya njano, kabla ya maganda kukomaa, nikaifukia na kuiacha ioze ndipo nikapanda viazi. Msimu huo, ngazi za juu za shamba zilizopata marejea zilitoa viazi vyenye ngozi laini, vipele vya kuhesabika. Ngazi ya chini, ambayo haikupata, ilirudia yale yale. Minyoo hawajaisha, lakini viazi vya juu dalali alivichukua bila kuchambua.

Bei ya kweli si zile shilingi 10,000, ni msimu mzima bila viazi. Mwenye robo ekari na ada za shule hawezi kuubeba wote kwa mpigo. Ligawe shamba, upande kipande baada ya kipande, na ukitoka kwenye kipande chenye minyoo osha jembe kabla ya kuingia kingine. Mbegu ulizie mapema, maana mvua za Machi zikikaribia dukani huwa hazipo. Au acha mstari mmoja ukomae upate mbegu yako, lakini ndama wasiufikie: mbegu za jamii ya marejea zina sumu kwa mifugo.