perf ya Linux: ipo bure, ina makali, ila masharti yake uyajue

Programu ya C inayojumlisha uzito wa dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ikichukua dakika nzima kutoa ripoti, usikimbilie kuongeza RAM. Pima kwanza. perf, zana inayoonyesha programu inatumia wapi muda wa prosesa, imo ndani ya mradi wa kerneli (kiini) ya Linux tangu 2009, na ikishawekwa haili bando.

Usumbufu unaanzia kwenye kuiweka. Kwenye Ubuntu lazima ilingane na toleo la kerneli, kwa hiyo chukua linux-tools-generic, la sivyo kila kerneli ikisasishwa utaambiwa perf haipo. Halafu mtumiaji wa kawaida amefungiwa. Fungua kwa sudo sysctl kernel.perf_event_paranoid=1. Ukizima mashine, mpangilio huo unapotea.

Kompaili kwa gcc -O2 -g -fno-omit-frame-pointer. -O2 inaboresha kasi, -g inaweka majina ya kazi na mistari, na ya mwisho inasaidia perf kufuata nani kamwita nani. Ukipima -O0, yaani bila kuboresha, umepima programu nyingine kabisa. Kisha endesha programu (hapa inaitwa jumla) ikichukuliwa sampuli 99 kwa sekunde, usome ripoti:

perf record -F 99 -g ./jumla
perf report --no-children

Bila --no-children, kila kazi inahesabiwa pamoja na zile inazoziita, kwa hiyo main, kazi kuu ya programu, itakaa juu na karibu asilimia 100, jambo ambalo halikusaidii chochote.

Hapa ndipo perf inapolipa. Tuseme strlen, inayopima urefu wa maandishi, imeshika nafasi ya kwanza, na wewe hujaiita popote. Mara nyingi mhusika ni sscanf, inayochambua namba kutoka kwenye maandishi: faili lote limesomwa kwenye memori, na kila sscanf inapoitwa, glibc (maktaba ya C ya Linux) inapima urefu wa maandishi yote yaliyobaki. Mistari ikiongezeka mara 2, kazi inaongezeka mara 4. Soma mstari mmoja mmoja kwa fgets, au tumia strtod, inayogeuza maandishi kuwa namba, na tatizo linaisha bila shilingi kutoka.

Mnyororo wa miito (nani kamwita nani) ukikatikia ndani ya libc, maktaba hiyo ya C, weka --call-graph dwarf badala ya -g. Gharama yake: kila sampuli inabeba KB 8 za steki (memori ya miito), yaani karibu MB 0.8 kwa sekunde kwa uzi (thread) mmoja. Diski ndogo itajaa.

Udhaifu mkubwa ni kwamba perf record haioni kusubiri. Anza na amri ya time. Real (muda wa saa ya ukutani) ikiwa kubwa huku user na sys (muda wa prosesa) ni ndogo, programu inangoja diski au mtandao, na hapo strace -c -w, inayojumlisha muda wa maombi ya programu kwa kerneli, itakufaa zaidi. Kwenye seva ya kukodi, vihesabio vya prosesa mara nyingi vimefichwa. Hapo ongeza -e cpu-clock kwenye perf record, ipime kwa saa badala yake.

Na zana nyingine za kupima? gprof inataka ukompaili kwa -pg na haioni ndani ya maktaba zisizokompailiwa nayo. Callgrind, ya Valgrind, inahesabu maagizo kwa usahihi, lakini programu inakuwa nzito makumi ya mara. Kwa kazi ya kila siku, perf inapata nyota 4 kati ya 5. Moja imeliwa na usumbufu wa kuiweka.