Mkopo wa kikundi cha wanawake: niliomba jedwali, nikaambiwa nachelewesha wenzangu

Nilikusudia kutoa nyota tatu, maana huduma yenyewe ina mazuri yake. Wakopeshaji hawa hawadai hati ya nyumba, ambayo wengi wetu hatuna kwa majina yetu. Afisa mikopo anakufuata kwenye biashara yako, na ukimaliza mkopo wa kwanza bila kuchelewa, wa pili unakuwa mkubwa zaidi.

Kisha nikaomba jedwali la marejesho kabla ya kusaini. Karatasi moja tu: tarehe ya kila rejesho, kiasi gani kinapunguza mkopo wenyewe, riba kiasi gani, deni lililobaki (salio) ngapi. Afisa akajibu mbele ya kikundi kizima, "Mama, wenzako wameshasaini. Unawachelewesha." Bado inaniuma. Anajua fika kwamba penye dhamana ya kikundi, yaani wenzako wanakulipia ukikwama, hakuna anayetaka kuonekana msumbufu kwa watu watakaomdhamini kesho. Akautumia woga huo kuninyamazisha.

Nao wana sababu ya kuificha karatasi hiyo. Tangazo linasema "asilimia 2 tu kwa mwezi". Chukua mkopo wa 100,000 kwa miezi 12. Riba yao inapigwa juu ya 100,000 ileile mpaka mwisho, hata ukiwa umebakiza rejesho moja. Inafika 24,000, na kila mwezi unalipa 10,333. Asilimia 2 hiyohiyo ikipigwa kwenye salio linalopungua, unalipa kama 9,456 kwa mwezi na riba yote haifiki 13,500. Zaidi ya 10,000 imeondoka, na tangazo halijabadilika hata herufi.

Hapo hujagusa makato. Akiba ya lazima asilimia 10 na ada asilimia 3 zinakatwa kabla hujashika fedha, kwa hiyo unaondoka na 87,000 huku ukilipia riba ya 100,000. Akiba inarudi mwishoni, sawa, lakini piga hesabu ya kilichoingia mkononi na kilichotoka: riba halisi ni karibu asilimia 4.8 kwa mwezi!

Muuza mboga anayezungusha mtaji kila siku huenda akaibeba. Mshonaji aliyenunua cherehani ataumia, kwa sababu cherehani hairudishi fedha wiki ya kwanza, na rejesho la kwanza linadaiwa mapema. Analilipa kwa fedha za mkopo uleule, kisha kitambaa cha kushona anakikosa. Kule Kolkata, India, watafiti walilinganisha wakopaji waliopewa miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza na waliopewa wiki mbili. Wa miezi miwili waliwekeza zaidi katika biashara, ingawa walioshindwa kulipa nao waliongezeka. Kwa hiyo siwalaumu wakopeshaji kwa kuogopa. Nawalaumu kwa kuficha hesabu.

Ukienda kwao, uliza haya ukiwa umesimama na kalamu bado mfukoni: riba inapigwa kwenye mkopo wote au kwenye salio? Nitashika mkononi kiasi gani baada ya makato? Nikimaliza mapema, riba ya miezi iliyobaki inafutwa? Mwenzetu akikwama, mnakata akiba zetu siku ya ngapi? Swali la mwisho lijibiwe kwa maandishi, maana hapo ndipo vikundi vinapovunjika. Mwanamke ambaye hajawahi kuchelewa hata rejesho moja anakuta akiba yake imekatwa kufidia deni la mwingine, na hakuna aliyemwarifu.

Nyota tatu zimeshuka hadi moja. Nilitaka kuiondoa hata hiyo, ila fedha zenyewe zilitoka siku waliyoahidi, na hilo ni haki yao. Wakianza kumpa kila mama jedwali lake kabla ya kusaini, nitazirudisha zote tatu, hata kama riba itabaki ileile. Deni ghali ninaloliona naweza kulipangia.