Tchegera pamoja na mama: matembezi juu ya volkano iliyozama

Nimekulia Goma, mashariki mwa Kongo, lakini kisiwa cha Tchegera katika Ziwa Kivu nilikuwa nakisikia tu. Julai 2019 nikampeleka mama, tukalala usiku mmoja kwenye mahema ya Hifadhi ya Virunga.

Nianze na kilichonikera. Wakala aliyetuuzia safari alisema viatu vya wazi vinatosha. Havitoshi hata kidogo! Njia inafuata mgongo wa kisiwa, na yale mawe meusi yenye matundu yanakata. Boti nayo ilichelewa saa mbili nzima, wala hakuna aliyetupigia simu.

Kiongozi wa matembezi ndiye aliyeokoa siku. Alimtazama mama miguuni, akampa fimbo yake: "Mama, tutaenda mwendo wako." Tulipofika juu akatuelekeza kutazama chini. Kisiwa chenyewe ni ukingo wa kreta ya zamani, upande mmoja umezama, ndiyo maana kina umbo la hilali na ghuba tulivu katikati. Kumbe tulikuwa tumesimama kwenye mdomo wa volkano!

Ndege ni wengi. Mdiria mmoja, mweupe mwenye madoa meusi, alipigapiga mbawa hewani bila kusogea, kisha akajitupa majini kama jiwe. Akaibuka na sambaza, samaki mdogo wa huku kwetu, akaipigiza kwenye tawi mara tatu ndipo akaimeza. Kiongozi akasema sambaza haikuwamo Kivu hapo awali, ililetwa kutoka Ziwa Tanganyika. Mimi niliyeila maisha yangu yote sikujua.

Mama akauliza, "Mwanangu, huku hakuna mazuku?" Swali hilo kiongozi alilijibu kwa makini sana. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini; ni nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni na mabondeni, hasa asubuhi kukiwa hakuna upepo. Mtu mzima anaweza kupita salama kichwa kikiwa juu yake, mtoto aliye kando yake akaanguka. Tangu utotoni naonywa nisikaribie mahali penye mazuku, ila sababu hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

Usiku wingu juu ya volkano ya Nyiragongo likawa jekundu. Mama akakaa kimya muda mrefu, halafu akaanza kusimulia Januari 2002: lava ilivyopita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani, yeye akitembea kwenda Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, mimi mgongoni, sufuria moja kichwani. Habari ya sufuria sikuwahi kuisikia.

Saa kumi na mbili asubuhi aliniamsha kwa kunivuta kidole cha mguu. Fisi maji alikuwa karibu na mawe, kichwa nje, anatafuna samaki kwa sauti tuliyoisikia kabisa.

Ukienda, vaa viatu vya soli ngumu na ubebe sweta, upepo wa ziwa usiku ni mkali. Na kabla ya kulipa, ulizia hali ya usalama ya wiki hiyohiyo.