Chupa Moja, Wageni Sita: Mvinyo Upi Ununue?

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuchagua mvinyo kwa rangi. Anaona mwekundu, anadhani utamu wote wa zabibu umo humo, anaufungua nyumbani na kinywa kinajaa ukakasi kana kwamba kanywa chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Rangi inakueleza maganda ya zabibu yalikaa na juisi kwa muda gani, basi. Juisi ya zabibu nyingi, hata zile nyeusi, karibu haina rangi. Ikichachuka pamoja na maganda, inavuta wekundu na huo ukakasi; ikikamuliwa kwanza na maganda yakatolewa, unapata mweupe. Utamu ni habari nyingine. Hamira hula sukari na kuigeuza kileo, na mvinyo ambao sukari yake karibu yote imeliwa huitwa mkavu, uwe wa rangi yoyote ile.

Hapa chini nimepanga mivinyo sita, kuanzia ninaoupendekeza zaidi. Mpangilio huu ni wa mtu anayenunua chupa moja, itakayonywewa na watu asiojua wanapenda nini. Kama unajinunulia mwenyewe na ladha yako unaijua, upindue utakavyo.

Nafasi ya kwanza naipa mweupe mkavu wenye uchachu, hasa Sauvignon Blanc, jina la aina ya zabibu. Ukakasi ni kama haupo, hunywewa wa baridi, nyuzi 8 hadi 10 hivi, na harufu yake ya ndimu na majani mabichi humfikia hata asiyejua kunusa bilauri. Ukiona Marlborough ya New Zealand, zabibu imeandikwa wazi kwenye lebo. Ukiona Sancerre nyeupe ya Ufaransa, ni zabibu ileile, ila Wafaransa hupenda kutaja mahali na kukuachia wewe ujue kilichopandwa hapo. Chablis nayo, pia ya Ufaransa, ni zabibu ya Chardonnay tupu. Jirani mzuri wa Sauvignon Blanc ni Riesling, lakini hiyo soma kiwango cha kileo kabla ya kulipa: ikiwa asilimia 8 au 9, sukari nyingi imebaki ndani, ikifika 12 na zaidi, yaelekea ni mkavu. Kwenye chupa za Ujerumani tafuta neno trocken, maana yake mkavu.

Wa pili ni mwekundu mwepesi: Pinot Noir, au Gamay inayotoka Beaujolais, Ufaransa. Ukakasi wake ni mdogo, kwa hiyo wanaokunywa mweupe hawaukimbii. Uweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuumimina. Wajuzi wataguna kwamba mwekundu haupozwi, waache wagune.

Wa tatu ni wa mapovu, na hapa ndipo lebo huwanasa wengi. Brut ni mkavu, sukari yake haifiki gramu 12 kwa lita. Extra dry, ambayo kwa jina ungedhani ni kavu kupita zote, ina gramu 12 hadi 17, yaani ni tamu kuliko brut. Demi-sec huanzia gramu 32. Shampeni huchachuka mara ya pili ndani ya chupa na hukaa pishini miezi isiyopungua 15. Prosecco, ya mapovu kutoka Italia, kwa kawaida huchachukia kwenye tangi, ndiyo maana huwa ya bei nafuu na ina harufu ya matunda zaidi. Ningeupandisha nafasi ya kwanza kama si tabia yake moja: ukishafunguliwa, haungoji kesho.

Rozé ni wa nne. Maganda yaligusa juisi kwa saa chache tu, na mwingi hunywewa kama mweupe. Usiuweke miaka.

Mwekundu mzito, Cabernet Sauvignon au Syrah (ambayo Waaustralia huiita Shiraz), naupa nafasi ya tano ingawa ndio niupendao mimi. Niliwahi kupeleka Cabernet changa kwenye mwaliko ambao nyama haikuwepo. Usiku ule bilauri zilirudi jikoni zimejaa. Ukakasi wake hutulizwa na nyama yenye mafuta. Pasipo nyama, beba kitu kingine.

Wa mwisho ni Port ya Ureno, si kwa ubaya. Watengenezaji huuongezea pombe kali kabla hamira haijamaliza sukari, ndiyo maana unabaki mtamu huku kileo kikifika asilimia 20 hivi. Ni wa bilauri ndogo baada ya kula, na ile aina ya tawny hudumu wiki kadhaa baada ya kufunguliwa.

Na yule aliyetaka utamu tangu mwanzo, akachukua mwekundu kwa kudhani? Mnunulie Moscato d'Asti ya Italia: tamu, ina mapovu kidogo, kileo asilimia 5 hivi. Usiudharau ukiukuta na kifuniko cha kuzungusha badala ya kizibo. Angalia mwaka tu, uchukue ulio mpya kuliko yote rafuni.